Mstari wa Mia Mbili na Arobaini

Jumamosi ile niliamka kabla ya saa kumi na mbili, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwomba Mungu mambo mawili. La kwanza, asituache tupotee. La pili, anifunge mdomo. Nilikuwa nimeahidi mbele yake kwamba sitambembeleza wifi yangu siku nzima, na mimi najijua. Ahadi yangu ya kunyamaza haifiki adhuhuri bila msaada kutoka juu.

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Amepika katika jiko la shule kwa miaka thelathini na mmoja, na wanafunzi humwita Mama Sufuria, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya sauti yake. Mimi nashona. Nafanya kazi katika chumba cha mashuka cha hospitali, nyuma ya mashine za kufulia, ambako mashuka yaliyochanika huletwa kwa mafungu nami huyatia viraka. Yakishindikana kabisa, huyakata yakawa foronya. Nikirudi nyumbani nashona magauni ya watu.

Sote wawili hatukusoma utotoni. Mume wangu alipokuwa hai jambo hilo halikutusumbua sana, maana yeye ndiye alikuwa akitusomea. Kila Jumapili mchana wifi alikuja na karatasi zake za wiki nzima, matangazo ya kazini, barua, maelezo ya dawa za presha, akaziweka mezani. Kaka yake akavaa miwani, akaanza moja baada ya nyingine, na sisi tukasikiliza. Wiki ya tatu baada ya mazishi, wifi alikuja Jumapili kama kawaida. Akaketi, akazitoa karatasi zake kwenye mfuko, akaziweka mezani pale pale zilipokuwa zikiwekwa. Tukatazamana.

"Basi," alisema. "Sasa tutafanyaje?"

Mwezi uliofuata tukajiandikisha darasa la jioni. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, yeye hamsini na sita. Tumekwenda pamoja kwa miaka miwili, Jumatatu na Alhamisi, kwenye madawati ambayo magoti yetu hayaingii chini yake.

Ndiyo maana nilishtuka Ijumaa aliponiambia kwamba anaacha.

Ilitokana na ramani. Alhamisi Mwalimu wetu, mama mmoja mwembamba asiyejua kuketi, alibandika ramani ukutani. Ilikuwa ya vilima vilivyo nyuma ya mitaa yetu, pale ambapo nyumba zinakoma na nyasi zinaanza. Ilijaa mistari ya rangi ya kahawia, iliyozungukana kama vidole vya mtu vilivyopakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Mwalimu akaweka fimbo juu ya mstari mmoja, akamgeukia wifi yangu.

"Mama, mstari huu unatuambia nini?"

"Unatuambia kwamba aliyechora alikuwa na wino mwingi," wifi akajibu.

Darasa zima likacheka. Hata Mwalimu alicheka. Kisha akasema hatatupa jibu. Jumamosi twende wawili wawili, kila jozi na nakala yake ya ramani, tuingie vilimani kwa lango la kwanza na kutokea lango la pili. Njiani tutaona vigingi vitano, na kila kigingi kina jina la ndege. Tuyanakili majina hayo. Tukirudi Jumatatu tumwambie mistari ya kahawia inasema nini, na kila mtu amletee swali moja ambalo yeye Mwalimu hana jibu lake.

Mimi nilifurahi sana. Wifi alitembea mbele yangu njia nzima ya kurudi nyumbani. Kesho yake alipita kazini kwangu, akasimama mlangoni kati ya mafungu ya mashuka.

"Walicheka," alisema.

"Lakini wewe ndiye uliyewachekesha."

"Nachekesha kwa sababu sijui. Hujaligundua hilo? Miaka miwili, wifi. Kila nikiulizwa nisichokijua, natoa mzaha. Kichwa changu kimejaa, hakuna nafasi tena. Kesho nitakusindikiza kwenye hivyo vilima vyako kwa sababu sitaki uliwe na nyoka peke yako. Jumatatu utampa Mwalimu daftari langu, mwambie namshukuru."

Usiku nilifikiria meza yetu ya Jumapili. Ningeweza kumsomea mimi sasa, karatasi zake zote, bila shida. Lakini nilijua asingezileta. Kwa kaka yake aliona ni haki yake. Kwangu ingekuwa kama kuomba. Na darasani, dawati lile bila yeye, sijui kama ningerudi mara ya pili. Hilo sikumwambia. Nilimwambia Mungu.

*

Lango la kwanza liko mwisho wa mtaa wa nyumba za ghorofa moja, pembeni ya tangi kubwa la maji. Wifi alikuwa amefika kabla yangu, amevaa viatu vyake vya jikoni vyeupe na kofia ya majani. Jambo la kwanza alilofanya ni kunikabidhi daftari lake, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki wa unga.

"Lishike kabisa. Nisije nikalisahau kwenye kikapu."

Nikalitia kwenye mkoba wangu. Nikauma ulimi.

"Tuombe kwanza," nilisema.

"Omba. Lakini fupisha, jua halingoji amina yako."

Nikafupisha. Kisha nikaikunjua ramani juu ya nguzo ya lango, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani mshonaji peke yake ndiye angelifanya.

Kuna karatasi za mikato ambazo mafundi wa kushona hununua. Saizi zote za gauni huchorwa humo pamoja, mstari ndani ya mstari, na kila mstari una namba yake. Asiyejua akiitazama anaona fujo tupu. Anayejua anachagua namba moja na kuifuata kwa mkasi mpaka mwisho, bila kurukia mstari wa jirani, la sivyo bega moja litabana na jingine litapwaya. Mstari mzima ndio wa mkasi. Mstari wa nukta nukta ni pa kupitisha sindano, na huo ni wa baadaye. Kazi hii niliijua hata kabla sijajua herufi, maana namba nilikuwa nazijua tangu zamani.

Nilipoitazama ramani, nikaona karatasi ya mikato. Mistari mizima ya kahawia, kila mmoja na namba yake ndogo: mia mbili ishirini, mia mbili arobaini, mia mbili sitini. Na mstari mmoja mweusi wa nukta nukta uliopanda kilima.

"Mwalimu ametuona wajinga kweli," nilimwambia wifi. "Hizi ni njia. Kila njia na namba yake. Tazama, hii ya mia mbili na arobaini inapita hapa hapa langoni, inazunguka kilima chote, na inatokea lango la pili."

"Na hizi nukta nukta?"

"Hizo ni za kushonea, si za kukatia. Achana nazo."

Wifi alinitazama. "Unajua unachosema?"

"Nimekata magauni zaidi ya elfu."

"Haya, Bi Sindano. Ongoza."

Mbele ya lango kulikuwa na njia pana ya mchanga iliyopanda moja kwa moja. Tukaiacha. Tukageuka kulia, tukapita kati ya vichaka na kuta za nyuma za nyumba.

*

Sikuwa nimewahi kuuona mtaa kwa nyuma. Kwa mbele nyumba zile zote zina mapazia mazuri na namba zilizopakwa rangi. Kwa nyuma kila moja inasema ukweli wake. Moja ilikuwa imeanika godoro lenye doa kubwa kama sura ya ng'ombe. Nyingine ilikuwa na milango mitatu mizee imeegemezwa ukutani, kana kwamba kulikuwa na vyumba ambavyo viliondoka vikaiacha. Kwenye kamba moja niliona mashuka manne, na nikaona hata kwa mbali kwamba mawili yamekunjwa pindo kwa mkono. Mbwa alitubwekea kutoka nyumba ya kwanza hadi ya sita, kisha akamkabidhi zamu mwingine.

"Njia yako ina miiba," wifi alisema.

"Haitumiwi sana."

"Nashangaa kwa nini."

Lakini baada ya nyumba ya mwisho vichaka vilipungua, na mguu wangu ukaingia kwenye kitu kama sakafu. Nilipapasa nyasi kwa fimbo. Chini yake kulikuwa na mawe yaliyopangwa, na pande zote mbili kuta fupi za mawe hayo hayo, zikifika nusu ya muundi. Ulikuwa mfereji mkavu, mpana kama kitanda cha mtu mmoja. Upande wa nyuma uliingia chini ya ukuta wa ile nyumba ya mwisho ukatoweka. Upande wa mbele ulilifuata tumbo la kilima, ukakata kona na kutuacha tukiutafuta kwa macho.

"Si nilikwambia ni njia?" nilisema kwa ushindi.

"Huu ni mfereji, wifi. Njia haina kuta."

"Basi ni njia yenye kuta."

Tukaingia ndani yake tukatembea. Ilikuwa rahisi kama kutembea kwenye ujia wa hospitali. Chini yetu paa za bati na vigae zilianza kuwa ndogo, na sauti za redio zikabaki nyuma. Tulikuta mpira wa watoto uliopauka kwa jua, na makombe ya konokono meupe, mengi, yamejipanga pembeni. Wifi aliokota moja akalitia mfukoni. Kila baada ya hatua chache mmoja wetu alisimama na kuuliza kitu. Nani alijenga hapa? Mawe aliyatoa wapi? Kwa nini hakuyabandika kwa saruji bali kwa kitu hiki cheupe kinachopukutika? Hatukuwa na jibu hata moja, na nikagundua kwamba hatukuona haya. Darasani kutokujua kunatia joto masikioni. Pale mferejini kulikuwa kama kuonja chakula.

"Kuna kitu," wifi alisema ghafla, akasimama.

"Nyoka?"

"Goti langu."

Goti la kulia la wifi ni maarufu katika familia. Lilianza mwaka alioteleza kwenye mafuta jikoni, na tangu siku hiyo linatoa taarifa za kila ngazi, kila kilima na kila mabadiliko ya hewa.

"Linauma?"

"Haliumi. Ndicho ninachokwambia. Tumetembea saa nzima kwenye kilima, na goti halijasema neno. Njia gani ya kilimani haipandi wala haishuki?"

Nilitaka kusema kwamba Mungu amelihurumia goti lake. Lakini nilitazama nyuma, kisha mbele, na kweli. Kilima kilikuwa kimepanda juu yetu na kushuka chini yetu, na sisi tulikuwa tumepita kati kama uzi kwenye pindo.

*

Tuliketi kwenye ukuta wa mfereji tule. Wifi alimwaga maji ya chupa kunawa mikono, yakaanguka kwenye mawe kati ya miguu yetu. Nikaanza kumenya yai.

"Usisogee," aliniambia.

Nikadhani tena ni nyoka. Lakini alikuwa akitazama maji. Yalikuwa yamesimama kwenye jiwe bapa kama yanafikiri. Kisha, polepole sana, yakaanza kutambaa kuelekea kule tulikotoka. Wifi alichukua jani kavu dogo, akaliweka juu yake. Jani likasogea upana wa kidole. Likasimama. Likasogea tena.

"Yanarudi nyumbani," nilisema.

Wifi alipiga magoti, lile zima na lile bovu, akaweka shavu karibu na mawe. Alimwaga maji mengine. Yakafanya vile vile.

"Una mwinamo," alisema. "Mdogo sana, kama jiko langu la pili. Ukiweka kikaango pale, mafuta hukusanyika upande wa dirisha. Mtu mwingine haoni. Mimi naona." Akakaa juu ya visigino. "Kwa hiyo maji yalikuwa yanatoka kule mbele, yanazunguka kilima chote hiki polepole, bila kushuka haraka na bila kupanda, mpaka kule kwenye nyumba. Mtu aliyejenga hapa alilijua jambo hili kila hatua. Alilijuaje?"

Nilitaka kumwambia: unaona? Na unasema kichwa kimejaa! Maneno yalifika kwenye meno. Nikasema kimoyomoyo, Mungu wangu, niliahidi, nikajaza yai zima mdomoni.

"Mbona unakula kama mtu anayekimbizwa?" wifi aliuliza.

Nikatikisa kichwa.

Hatua mia tatu mbele mfereji ulikatika. Kulikuwa na korongo, si kubwa sana, lakini kina chake kilitosha kuvunja mguu. Ng'ambo yake tuliona kuta zile zile za mawe zikiendelea. Zamani lazima kulikuwa na daraja la kupitishia maji. Sasa kulikuwa na hewa tu.

Nilikunjua ramani. Nilitarajia mstari wangu wa mia mbili na arobaini uruke korongo kama mfereji ulivyoruka. Haukuruka. Ulifika kwenye korongo, ukapinda, ukaingia ndani yake, ukaenda mpaka kwenye koo lake, ukageuka na kutoka upande wa pili. Na mstari wa juu yake ulifanya hivyo hivyo. Na wa chini yake.

"Imekosewa," nilisema. "Nani atengeneze njia iingie korongoni na kutoka bila sababu?"

Wifi alininyang'anya ramani. Aliishika karibu na uso, kisha mbali. Kisha akafanya jambo la ajabu: akaigeuza juu chini, akaitazama, akatazama kilima, akaigeuza tena. Midomo yake ilikuwa inasogea.

"Sufuria yangu kubwa," alisema.

"Imefanya nini?"

"Nyamaza kwanza." Aliinua kidole. "Nikipika mchuzi, sufuria inajaa. Darasa la kwanza linakuja, napakua, mchuzi unashuka. Pale ulipokuwa unaacha alama pembeni, mduara mzima. Darasa la pili linakuja, unashuka tena, alama nyingine. Mwisho wa mchana nikichungulia ndani naweza kukwambia madarasa mangapi yamekula. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa ile sufuria kubwa ina bonde ubavuni, iliangushwa kutoka kwenye lori. Alama ya mchuzi ikifika kwenye bonde haiendi moja kwa moja. Inapinda na kulifuata bonde, halafu inatoka. Haipandi, haishuki. Haiwezi, kwa sababu mchuzi hukaa sawa." Alipiga ramani kwa ukucha. "Igeuze sufuria kifudifudi. Kilima hicho. Bonde lake ndilo hili korongo. Mistari hii si njia, wifi. Ni alama za mchuzi. Mji wote ukijaa maji mpaka usawa wa mia mbili na arobaini, maji yakikauka, huu ndio mstari utakaobaki."

Sikuweza kusema kitu. Safari hii sikuhitaji kumwomba Mungu msaada.

"Kwa hiyo," aliendelea, akinitazama kwa jicho la pembeni, "umenitembeza saa mbili kwenye ukingo wa mchuzi."

Alianza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka tukashikana mabega ili tusitumbukie korongoni. Ndege wawili waliruka kutoka kwenye nyasi kwa hasira.

*

Sauti ya mtu ilitoka juu yetu. "Mko salama huko?"

Alikuwa mlinzi wa eneo lile, mwanamume wa makamo mwenye kofia pana na gunia la kuokotea takataka. Alishuka akijishika kwenye matawi.

"Shikamooni, mama zangu. Mmetokea wapi? Huku hakutoki watu."

"Marahaba. Tumetokea lango la kwanza," nilisema. "Tunatafuta vigingi vyenye majina ya ndege."

"Vigingi viko kwenye njia. Hamkuiona? Pana kabisa, inapanda mbele ya lango. Hata kwenye ramani ipo, ya nukta nukta."

Wifi aligeuka akanitazama bila kusema neno. Ilikuwa mbaya kuliko kusema.

"Hebu tuambie, baba," alimuuliza mlinzi, "maji ya mfereji huu yalikuwa yanakwenda kwa nani?"

"Maji?"

"Mfereji unaingia chini ya ukuta wa nyumba ya mwisho. Lakini mfereji ni mzee kuliko nyumba. Kabla ya nyumba kulikuwa na nani pale, mwenye kiu kiasi cha kuzungushiwa kilima kizima?"

Mlinzi alivua kofia, akatazama mfereji kana kwamba umeletwa asubuhi ile. "Niko hapa mwaka wa saba," alisema. "Naupita kila siku. Sijawahi kujiuliza." Akajikuna. "Sasa mmenipa kazi. Lakini njooni niwaonyeshe njia. Si mbali, ni hapo juu kidogo tu."

"Usiniambie kidogo tu," wifi alisema. "Ngoja nikwambie mimi." Akaweka kidole kwenye ramani. "Sisi tuko hapa. Njia iko hapa. Kati yetu kuna mistari miwili, na imebanana. Huku tulikopita ilikuwa imeachana, ndiyo maana kilima kilikuwa kimelala. Hapa imebanana kama ubavu wa sufuria uliosimama." Akakunja ramani. "Goti, jiandae. Baba, tangulia."

Goti lilisema yote ambayo halikuwa limesema asubuhi. Wifi alipanda akiguna na kuhesabu. Alipofika mahali akasema, "Hapa ni mia mbili na sitini," na mlinzi akacheka, kisha akaacha kucheka, maana baada ya muda ule ule, wifi alipotamka mia mbili na themanini, tulikuwa tumekanyaga njia.

Kigingi kilikuwa hatua ishirini mbele. Nilitoa penseli. Wifi alisogea, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza kama tunavyofanya darasani.

"Ki," alisoma. "Ki-go. Kigo-n... subiri. Hii alama ya juu ni ile ya kwenye ng'ombe. Ki-go-ng'o. Kigong'o-ta." Akanyoosha mgongo. "Kigong'ota! Yule anayegonga miti."

"Ndiye."

"Basi niambie, mtu aligongomea kigingi cha mti, akamwandika juu yake anayegonga miti. Alikuwa na utani huyo."

Hicho kilikuwa kigingi cha nne. Cha tano kilikuwa karibu na lango la pili, na juu yake kuliandikwa kwale. Vitatu vya kwanza vilikuwa nyuma, upande wa pili wa kilima, na jua lilikuwa limeshaanza kuegemea. Mimi nilitaka turudi. Kazi ikiwa nusu hainipi usingizi. Hata shuka silirudishi kwenye kabati likiwa limebakiza kidole kimoja cha mshono.

"Tumepata wawili kati ya watano," nilisema. "Wengine watakuja na wote."

"Waje nao."

"Watacheka, wifi."

Neno lilinitoka kabla sijalishika. Nikasimama pale nikitamani ardhi ipasuke. Siku nzima nilikuwa nimeufunga mdomo, na ulipofunguka, ulichagua neno lile.

Wifi alikwenda akaketi kwenye benchi la saruji kando ya lango la pili, akavua kiatu kimoja, akakung'uta changarawe. Mbele yetu kulikuwa na uwanja wa mpira na nyuma yake mtaa mwingine wa nyumba zenye mapazia mazuri. Alilitoa lile kombe la konokono mfukoni, akaligeuza geuza kwenye kiganja. Lilikuwa na mistari midogo, mmoja ndani ya mwingine.

"Unadhani Mwalimu anajua?" aliuliza hatimaye.

"Anajua nini?"

"Maji yalikuwa ya nani."

"Sidhani. Mlinzi mwenyewe hajui."

"Alisema tulete swali asilokuwa na jibu lake."

"Alisema."

Alivaa kiatu. Akafunga kamba taratibu, mara mbili, kama mtu asiyetaka kuonekana ana haraka.

"Lete daftari langu."

Nililitoa kwenye mkoba, na mfuko wake wa unga. Nikampa na penseli. Alilifungua ukurasa wa katikati, akalilaza juu ya goti zima, akaandika herufi moja moja, akiigandamiza penseli kama anayekata mfupa. Maji ya mfe. Alisimama. Re. Ji. Alikosea, akakata, akaandika tena, na ulimi wake ulikuwa umetokeza pembeni ya mdomo, vile vile ulivyokuwa ukitokeza kwa kaka yake alipokuwa akisoma barua ndefu. Sikuwahi kuliona hilo kwake kabla ya siku ile.

"Na ile ya mchuzi nitaisema mwenyewe," alisema. "Usije ukainua mkono kabla yangu. Wewe utaeleza za kushonea na za kukatia."

"Nitaeleza."

"Waone nani wa kuchekwa."

Nikafumba macho nimshukuru Mungu, na nilikuwa na mengi ya kumwambia.

"Fupisha," alisema wifi, bila kuinua kichwa. "Nahitaji kifutio."